Kumi wakikosekana: Funzo la Wayahudi wa Mbale kuhusu kudumisha imani ya wachache

KATIKA dini ya Kiyahudi, mtu anaweza kusali peke yake popote alipo, lakini zipo sala ambazo haziruhusiwi kutamkwa mpaka watimie watu wazima kumi. Kaddish, sala ya kuwakumbuka wafu, ni mojawapo. Hata gombo la Torati halitolewi kusomwa hadharani kabla ya akidi hiyo kutimia. Waothodoksi huhesabu wanaume pekee, ilhali madhehebu mengine huhesabu wanawake pia. Wote wanakubaliana kuhusu idadi: kumi.

Kanuni hii inaeleza, kuliko hotuba yoyote, ugumu wa kuwa Myahudi mbali na Wayahudi wengine. Mjini New York au Yerusalemu, kumi hupatikana katika ghorofa moja ya nyumba. Katika kijiji kilicho chini ya Mlima Elgon, vijana watatu wakihamia Kampala kutafuta kazi na mzee mmoja akiugua, Sabato inaweza kupita bila Torati kufunguliwa. Waswahili walisema penye wengi pana Mungu. Swali la makala haya ni hili: penye wachache je?

Habari kuhusu Wayahudi wa Afrika hufika kwenye meza za uhariri zikiwa na sura mbili tu. Ya kwanza ni ile ya kustaajabisha: Waafrika waliovalia kofia ndogo za kufumwa, wakiimba Zaburi kwa Kiganda. Ya pili ni ya mabishano kuhusu nani ana haki ya kuhamia Israel. Sura ya tatu, ambayo kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo yenye uzito, huwa haiandikwi: watu wachache, maskini, walio mbali na makao makuu ya dini yao, hudumishaje maisha ya imani kizazi baada ya kizazi, na ni msaada gani huwafaa?

Jibu la swali hilo halihitaji kutafutwa mbali. Liko ng'ambo tu ya mpaka wa Malaba, katika vilima vinavyouzunguka mji wa Mbale.

Jemadari aliyejitahiri

Wayahudi wa mashariki mwa Uganda huitwa Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana hiyo hiyo ya Wayahudi. Hawadai kwamba mababu zao walitoka Kanaani. Historia yao ina mwanzilishi anayejulikana na mwaka unaojulikana.

Mwanzilishi huyo ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka sehemu kubwa ya mashariki mwa Uganda katika miaka ya mwisho ya karne ya 19. Kakungulu alitarajia kutawazwa mfalme wa maeneo hayo. Badala yake wakoloni walimpunguzia mamlaka hatua kwa hatua, hadi akajitenga nao. Mwaka wa 1913 alijiunga na madhehebu ya Bamalaki, yaliyokuwa yakikataa dawa za kizungu na kuitukuza siku ya Jumamosi. Alipozidi kuisoma Biblia, alisisitiza kwamba amri za Musa, ikiwemo tohara, hazikufutwa na yeyote. Wenzake walimwambia kuwa tohara ni mambo ya Wayahudi. Kwa mujibu wa masimulizi ya wafuasi wake, alijibu kwamba, kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka wa 1919 alijitahiri pamoja na wanawe.

Ikumbukwe kwamba Baganda hawakuwa na jadi ya tohara. Uamuzi huo ulikuwa wa kujitenga na watu wake na pia na serikali aliyoitumikia. Takriban mwaka mmoja baadaye alikutana na Myahudi mgeni aliyejulikana kwa jina la Yosef, ambaye alikaa naye kwa miezi kadhaa akimfundisha kalenda ya sikukuu, sheria za vyakula na namna ya kuchinja. Mwaka wa 1922 Kakungulu alichapisha kitabu cha Kiganda cha kurasa takriban 90 cha kuwaongoza wafuasi wake. Alipofariki mwaka wa 1928, uongozi ulimwendea Samson Mugombe, na jumuiya ikaendelea karibu peke yake kwa miongo kadhaa, ikiwa na Biblia, kitabu hicho na kumbukumbu ya yale aliyoyafundisha mgeni mmoja.

Mtazame mgeni huyo kwa makini, msomaji. Hakujenga shule wala hakuacha fedha. Alikaa miezi michache, akafundisha, akaondoka, na mafundisho yake yakadumu. Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Tutarejea kwake.

Pasaka ya mwaka wa 1979

Mwaka wa 1972 Idi Amin alivunja uhusiano na Israel, na chini ya utawala wake ibada za Kiyahudi zilipigwa marufuku. Masinagogi yalifungwa au kubomolewa, na waumini wengi wakaingia Ukristo au Uislamu ili waishi kwa amani. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba jumuiya iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilibaki na takriban 300. Waliosalia walisali majumbani kwa siri.

Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda mnamo Aprili 11, 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, ndiyo iliyokuwa ya kuanza sikukuu ya Pasaka, inayoadhimisha kutoka utumwani Misri. Abayudaya hawajausahau usadifu huo. Kwao ukombozi haukuwa kisa cha kale. Uliletwa na askari waliozungumza Kiswahili.

Hata hivyo, uhuru wa kusali haukuwarudisha walioondoka. Kazi ya kuifufua jumuiya ilifanywa na vijana ambao, katika miaka ya 1980, walijikusanya katika kilima cha Nabugoye, wakalima pamoja, wakajifunza Kiebrania kwa vitabu vichache walivyopata na wakatunga nyimbo. Hoja hii ni muhimu kwa sababu baadhi ya wafadhili husimulia kana kwamba maisha ya Kiyahudi Mbale yalianza siku walipowasili wao. Mwaka wa 1992, mwanafunzi Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Brown aliyekuwa akisomea nchini Kenya alipowatembelea, aliwakuta tayari wakiiadhimisha Sabato kwa nyimbo zao wenyewe. Mwaka wa 1995 ujumbe wa shirika la Kulanu, lililoanzishwa Marekani kusaidia jamii za Kiyahudi zilizotengwa, ulifuata. Hapo ndipo milango ilipofunguka.

Msaada uliojenga

Miongo mitatu ya msaada imetosha kuonyesha ni nini kimefaa.

Kwanza, elimu ya dini kwa mwenyeji. Gershom Sizomu, mmoja wa vijana wale wa Nabugoye na mjukuu wa Mugombe, alipelekwa kusomea urabi mjini Los Angeles, akahitimu mwaka wa 2008 na kurejea nyumbani. Tangu hapo ndoa, mazishi na mafunzo ya watoto hayakungoja tena ndege kutoka ng'ambo. Mwaka wa 2016 wapigakura wa Bungokho North, ambao wengi wao ni Wakristo na Waislamu, walimpeleka katika Bunge la Uganda. Wapigakura hao hawakuwa na haja ya kujua sheria za Sabato. Walichokijua ni kazi aliyoifanya.

Pili, huduma zisizobagua. Shule ya msingi ya Hadassah na ile ya sekondari iliyopewa jina la Semei Kakungulu hupokea watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu. Kituo cha afya cha Tobin, kilichofunguliwa Mbale mwaka wa 2010, hutibu yeyote. Kuna busara ya kiusalama katika jambo hili. Jumuiya ya watu wapatao 2,000, wakiwa wametawanyika katika vijiji kadhaa, haiwezi kulindwa na kuta. Inalindwa na majirani wanaoona kwamba kuwepo kwake kunawafaa.

Tatu, riziki. Mwaka wa 2004 mkulima na kiongozi wa jumuiya, J. J. Keki, alianzisha chama cha ushirika cha kahawa kiitwacho Mirembe Kawomera, yaani amani iliyo tamu. Keki alikuwa mjini New York mnamo Septemba 11, 2001, na aliponusurika alirejea akiwa na nia ya kuwaunganisha majirani wa dini tofauti. Alipita nyumba kwa nyumba akiwashawishi Wayahudi, Wakristo na Waislamu wauze kahawa pamoja. Kampuni moja ya California iliinunua kwa bei iliyo bora kuliko ya walanguzi wa kijijini, na mamia ya wakulima wakajiunga. Mkulima wa Bugisu aliye na kahawa huyajua makali ya walanguzi. Ushirika ulimpa sababu ya kumwamini jirani ambayo mahubiri peke yake yasingempa.

Nne, utamaduni wao wenyewe uliheshimiwa. Mwaka wa 2003 shirika la Smithsonian Folkways lilitoa santuri ya nyimbo za Abayudaya, na ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Vijana waliokuwa wakichekwa shuleni kwa ajili ya dini yao walisikia sauti za wazazi wao zikithaminiwa ulimwenguni.

Ukitazama mambo haya manne, utaona uzi mmoja unaoyaunganisha. Kila mojawapo lilimwacha mwenyeji akiwa na uwezo asiokuwa nao hapo awali, na mfadhili akiondoka kesho, uwezo huo hauondoki naye. Ni somo lile lile la Yosef.

Msaada uliogawanya

Haitakuwa haki kusimulia mazuri pekee. Msaada huja na masharti, hata pale ambapo hakuna aliyeyaandika.

Mnamo Februari 2002 jopo la marabi wa madhehebu ya Conservative, ambayo licha ya jina lake ni ya mkondo wa kati, lilifika Mbale na kuwaongoza zaidi ya watu 300 katika taratibu rasmi za kuingia Uyahudi. Wengi walifurahi. Lakini baadhi, hasa katika kijiji cha Putti, walikataa. Walitaka uthibitisho wa Waothodoksi, kwa kuwa ndio wenye usemi wa mwisho katika mambo ya ndoa na ya kidini nchini Israel. Walisubiri kwa miaka mingi, na kundi la waumini wa Putti likapata uthibitisho huo miaka ya baadaye kupitia rabi wa Kiothodoksi kutoka Israel.

Matokeo yake ni kwamba jumuiya ndogo, iliyokuwa ikihesabu watu wake kwa taabu, sasa ina mikondo miwili. Ugomvi ambao asili yake ni Ulaya na Marekani umepata makao katika vijiji ambavyo havikuuanzisha. Hapa ndipo kanuni ya kumi inaposhika kasi. Katika mji mkubwa, mgawanyiko huzaa masinagogi mawili. Katika kijiji, unaweza kuzaa vikundi viwili vya watu saba saba, na kusiwe na upande unaotimiza akidi.

Kuna hatari nyingine mbili. Moja ni ziara zisizo na mwendelezo. Wageni huja kwa Sabato moja, hupiga picha, huacha zawadi, huahidi kurudi. Watoto hujifunza kuwaimbia wageni kabla ya kujifunza kusoma sala. Ya pili ni utegemezi: mfadhili akipendelea jengo, hujengwa jengo, hata kama kinachohitajika ni mshahara wa mwalimu. Sinagogi kubwa la Nabugoye, lililokamilika mwaka wa 2016, ni fahari ya haki kwa watu waliobomolewa masinagogi yao. Hata hivyo, jengo halimfundishi mtoto kusoma Kiebrania. Mwalimu ndiye hufundisha, na mwalimu hula kila siku.

Lango la Yerusalemu

Suala zito kuliko yote ni la kutambuliwa. Mwaka wa 2016 Shirika la Kiyahudi, linalosimamia uhamiaji wa kwenda Israel, liliwatambua Abayudaya kuwa jumuiya ya Kiyahudi. Lakini mwenye kutoa viza ni Wizara ya Mambo ya Ndani. Mnamo Desemba 2017 kijana mmoja Mkenya, aliyekuwa ameingia Uyahudi kupitia jumuiya ya Uganda na aliyealikwa kusoma katika chuo cha dini mjini Yerusalemu, alizuiliwa katika uwanja wa ndege akiwa na viza mkononi, akarudishwa alikotoka. Wizara ilitetea hatua yake. Viongozi wa madhehebu ya Conservative walilalamika vikali. Mwaka wa 2018 wizara hiyo hiyo ilikataa ombi la uhamiaji la muumini wa Abayudaya, kwa hoja kwamba haitambui uongofu wa jumuiya hiyo kwa madhumuni ya Sheria ya Kurejea ya mwaka wa 1950.

Machi 1, 2021, Mahakama ya Juu ya Israel iliamua kwamba walioingia Uyahudi kupitia madhehebu ya Reform na Conservative ndani ya Israel wana haki ya uraia. Ulikuwa uamuzi mkubwa, ila ulihusu wale waliofanya hivyo wakiwa Israel. Kijiji kilicho kando ya Mbale hakikutajwa.

Je, suluhisho ni kuhama? Historia ya Ethiopia inatuachia funzo lenye pande mbili. Baada ya Wayahudi wa huko kutambuliwa na serikali ya Israel mwaka wa 1975, maelfu walisafirishwa katika operesheni ya mwaka wa 1984 na 1985, na mwezi Mei 1991 zaidi ya 14,000 wakachukuliwa kwa ndege katika muda wa takriban saa 36. Watu waliokolewa kutoka njaa na vita. Lakini vijiji vya Gondar vilivyokuwa vya Kiyahudi kwa karne nyingi vilibaki bila Wayahudi wao, na waliohama walikabiliana na ubaguzi mpya katika nchi waliyoiota. Kwa hivyo kutambuliwa na kuhamishwa ni mambo mawili. Mwenye haki ya kuondoka anaweza kuchagua kubaki, na kubaki kwake kukawa na heshima. Asiye na haki hiyo hubaki akiwa na swali moyoni: mbona wanaokuja kusali nasi hawatufungulii mlango tunapokwenda kwao?

Itakuwa vyema kuongeza neno kuhusu nyakati hizi. Tangu Oktoba 7, 2023, na vita vilivyofuata Gaza, neno Myahudi limekuwa likitajwa kwa hasira katika mitaa mingi ya dunia. Mkulima wa Nabugoye hana kiti katika baraza la mawaziri la Israel, na kama tulivyoona, wakati mwingine hapati hata viza ya kuingia nchini humo. Kumhukumu kwa matendo ya serikali asiyoichagua ni kosa lile lile alilolifanya Amin.

Kosa la ramani

Mkenya anaweza kuuliza yanamhusu nini. Yanamhusu zaidi ya anavyodhani. Kila mara unapotajwa Mpango wa Uganda wa mwaka wa 1903, ambapo Uingereza ilimpa Theodor Herzl pendekezo la makao ya Wayahudi Afrika Mashariki, wasomaji hufikiria Kampala. Ardhi iliyokusudiwa ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambao wakati huo ulikuwa tayari katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Kongamano la Wazayoni mjini Basel lilipiga kura 295 dhidi ya 178 kutuma wachunguzi. Walifika, wakaripoti, na mwaka wa 1905 mpango ukakataliwa. Wenyeji wa uwanda huo hawakuulizwa na yeyote.

Wayahudi wachache walikuja hata hivyo. Jumuiya ya Kiyahudi ya Nairobi iliundwa mwaka wa 1904, na sinagogi linaloonekana leo karibu na makutano ya Uhuru Highway na University Way ni la mwaka wa 1955. Mwaka huo huo Israel Somen, aliyekuwa muumini wake, alishika wadhifa wa meya wa jiji. Nakuru nako kulikuwa na jumuiya yenye sinagogi lake. Sasa kinachobaki zaidi ni makaburi. Kusini kwetu, Bulawayo, Zimbabwe, sinagogi la kale liliteketea kwa moto mwaka wa 2003 wakati ambapo waumini wengi walikuwa wameshahama. Lubumbashi, Kongo, ambako Wayahudi wenye asili ya kisiwa cha Rhodes waliuza nguo na nafaka kwa Kiswahili, sinagogi lao la mwanzoni mwa miaka ya 1930 limebaki kuwa kubwa kuliko jumuiya.

Tofauti hapa ni ya kufikirisha. Jumuiya za Kizungu zilizokuwa na mali na majengo zinapungua kwa sababu watoto huhamia London, Johannesburg na Tel Aviv. Jumuiya za Waafrika zisizo na mali zina watoto tele, lakini hazina walimu. Mfano ni kikundi cha familia za Kasuku, Kaunti ya Nyandarua, walioacha kanisa lililochanganya Ukristo na desturi za Kiyahudi, wakajifunza Uyahudi polepole, na wakajenga uhusiano na ndugu zao wa Mbale. Wengine wana magombo bila wasomaji. Wengine wana wasomaji bila magombo. Gombo moja huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, herufi 304,805 bila kosa, kazi inayoweza kuchukua mwaka mzima, na bei yake humshinda mkulima wa viazi.

Walivyofanya wengine

Tatizo la wachache wa mbali si la Afrika pekee, na zipo njia zilizojaribiwa kwingineko. Afrika Kusini ina rabi anayesafiri: tangu mwaka wa 1993 Moshe Silberhaft amekuwa akizunguka miji midogo ya nchi hiyo na nchi jirani, akizika wafu, akifungisha ndoa, akitunza makaburi ya miji ambayo haina tena Myahudi hata mmoja. Nchini Marekani, katika majimbo ya kusini, taasisi iliyoanzishwa mwaka wa 2000 mjini Jackson, Mississippi, ilibuni mtindo wa kuwaajiri vijana waliohitimu chuo kikuu kwa miaka miwili, wakazunguka kwenye miji midogo wakiwa na mtaala mmoja, ili mtoto anayehama kutoka mji mmoja hadi mwingine asianze upya. Maputo, Msumbiji, sinagogi la mwaka wa 1926 lilifufuliwa na kuzinduliwa tena mwaka wa 2013, baada ya watu wachache kukubali kulisimamia wenyewe.

Njia hizi zina jambo moja linalofanana: huduma ndiyo husafiri. Mtu wa mbali haambiwi ahamie jijini ili apate dini yake. Kwa Afrika Mashariki, mwalimu mmoja mwenye Kiswahili na Kiebrania, akigawana wiki zake kati ya Mbale, Namutumba na Kasuku, angeweza kufanya mengi kuliko misafara kadhaa ya wageni wa Sabato moja. Nairobi, yenye sinagogi na vitabu, inaweza kuwa kituo chake. Umbali ulioko ni wa matatu moja na uvumilivu kidogo mpakani.

Mtihani wa Jumamosi

Si kila msaada unatoka ng'ambo. Upo ule ambao serikali zetu pekee ndizo zinaweza kuutoa, tena bila kutumia senti.

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inasema hakuna dini ya taifa, na Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa kuabudu, ikiwemo kuadhimisha siku ya ibada. Katiba ya Uganda ya mwaka wa 1995 ina maneno ya kukaribiana. Lakini mtoto anayeshika Sabato, akipewa ratiba ya mtihani wa Jumamosi, hulazimika kuchagua kati ya cheti na imani. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi, wamepigana vita hivi mahakamani. Nchini Uganda walishindwa: Mahakama ya Kikatiba mwaka wa 2003, kisha Mahakama ya Juu mwaka wa 2006, zilikataa malalamiko ya wanafunzi dhidi ya Chuo Kikuu cha Makerere. Nchini Kenya, Mahakama ya Rufaa iliamua mnamo Machi 2017 kwamba wanafunzi Waadventista wanastahili kupewa nafasi ya kuadhimisha Sabato yao.

Ushindi huo wa Waadventista unawafaa Wayahudi wa Kasuku, ijapokuwa hawakuwa na wakili mahakamani. Ndivyo haki za wachache zinavyofanya kazi: mlango uliofunguliwa na mmoja hupitiwa na wengi. Aidha, hauwafai Wayahudi tu. Mwislamu shuleni katika eneo la Wakristo, Mkristo katika mji wa Waislamu, Mhindu katika mji mdogo wa Magharibi, wote ni akidi zinazotafuta kutimia.

Hitimisho

Ni nini basi kifanywe? Kwa wafadhili wa ng'ambo, walipe walimu kabla ya kulipa wajenzi, na wasiwalazimishe wanavijiji kuchagua upande katika ugomvi usio wao. Kwa Israel, iweke utaratibu mmoja, ulioandikwa na unaojulikana, ili muumini wa Mbale apimwe kwa kipimo kile kile anachopimiwa muumini wa Chicago. Akikataliwa, ajue ni kwa nini. Kwa wizara za elimu za Kampala na Nairobi, kalenda ya mitihani ipangwe huku ikikumbukwa kwamba juma lina zaidi ya siku moja takatifu. Kwa viongozi wa jumuiya zenyewe, hesabu za misaada ziwe wazi kwa waumini wote, kwani hakuna kinachotawanya watu wachache haraka kuliko shaka kuhusu fedha.

Zaidi ya yote, ikumbukwe kwamba wanaodumisha Uyahudi wa Mbale si wafadhili. Ni mama anayewasha mishumaa Ijumaa jioni ilhali kesho ni siku ya soko. Ni kijana anayerudi kutoka Kampala kwa basi la alfajiri ya Ijumaa, akiacha kibarua cha siku mbili, kwa sababu ameambiwa kwamba mzee fulani amefiwa na wako tisa.

Akifika, Kaddish itasomwa.